Nakala Ishirini na Nne za Papa Lambert

Mimi niko na hasira ya karibu, Makiso, komini yetu hapa mujini, yote inajua. Mutu akiingia kwenye sekretariat yangu, duka ya kuchapa na fotokopi, na karatasi imekunjamana, aniambie "Mama Khadija, fanya mbio," ninamurudisha inje aende kuinyoosha kwanza. Lakini Papa Lambert sikumurudisha hata siku moja. Karatasi zake zilinyooka kuliko zangu. Alizibeba ndani ya farde ya bleu, farde ndani ya sachet, sachet ndani ya mufuko, na kabla ya kunipa alinawa mikono kwa ndoo ya maji ninayoweka mulangoni.

Miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye biro ya courrier ya serikali, hapa hapa mujini. Barua ikiingia, anaipa namba. Barua ikitoka, anaipa namba. Na kwa hii inchi yetu barua haitoki peke yake, wewe unajua: chini kabisa kunaandikwa "copie pour information," halafu majina yanashuka mpaka mwisho wa ukurasa, gavana, mukubwa wa hapa, mukubwa wa kule. Papa Lambert alikuwa na ukuta muzima wa visanduku vya mbao, casier, kila biro na sanduku yake. Mujumbe anakuja, anaweka sahihi, anatoa nakala yake, anaenda. Jioni Papa Lambert anapita mbele ya ule ukuta na kuangalia. Sanduku ikiwa wazi, kazi imefika. Karatasi ikibaki ndani, ni aibu yake, na kesho asubuhi anavaa koti na kuipeleka mwenyewe kwa miguu.

Alizaliwa kilometa thelathini na nane, barabara ya Bengamisa. Kule vijiji vyetu tunaviita kwa kilometa, majina ya wazee yanabaki ya kutajwa kwenye matanga. Bibi yake alikufa zamani, watoto walitawanyika, akabaki hapa mujini, Mangobo, na chumba kimoja na redio. Lakini shamba ya baba yake ilikuwa iko kule, kakao na mawese. Na dada yake mudogo, Pélagie, aliolewa kilometa arobaini na nne. Bwana yake naye alikufa, akabaki na watoto sita na shamba ya kakao. Pélagie akishuka mujini alikuwa ananiletea lituma, ndizi za kupondwa, imefungwa ndani ya majani, bado na moto. Yeye anamuita kaka yake Yaya, maana ni mukubwa wake, na kwa sauti ya heshima, hata kama wote wawili wana mvi.

Bon. Mwaka jana kampuni moja, jina yake haina faida hapa, iliomba ardhi kwenye ile barabara, kuanzia kilometa thelathini na mbili mpaka hamsini. Vijiji tisa viko pale ndani. Biro moja ya Kinshasa ikabandika tangazo: kijiji inayopinga ilete dossier kabla ya ijumaa fulani, saa tisa ya mchana. Kijiji isiyo na dossier, ardhi yake itahesabiwa kuwa haina mutu. Haina mutu! Na mababu wa watu wamelala pale chini ya mitiki.

Watu wa vijiji tisa wakaunda komite ya watu ishirini na wanne. Wengine walikuwa vijijini, kama Pélagie, wengine mujini, mumoja alikuwa anachimba dhahabu Bafwasende, jina yake Landry, kijana wa domo refu. Katibu akawa Papa Lambert, nani mwingine? Wakapata na wakili wa Kinshasa, Maître Delphine, aliyekubali kuwatetea bure. Alitaka kila kijiji imutumie vitu vitatu: PV, ile karatasi ya mukutano wa kijiji, yenye alama za kidole za familia zote, ramani ya mashamba, na picha za makaburi na miti ya zamani. Akivipata, anavichapa na kuvipeleka kwenye biro mwenyewe. Ndiyo hiyo tu. Karatasi zitoke kwa Lambert zifike kwa Maître, watu wabaki na mashamba.

Papa Lambert akakuja kwangu na ile sachet.

"Mama Khadija, tunatuma kwa mail. Na wote ishirini na wanne wapate copie."

"Papa, wote? Hata wale hawajui kufungua?"

"Copie ni copie. Mutu asipopata copie atasema tulimuficha."

Basi nikawafungulia watu kumi na tisa boîte za mail, maana watano tu ndio walikuwa nazo. Siku ya kwanza tulituma dossier ya kijiji yake, ya kilometa thelathini na nane. Alitaka kuanza nayo, na sababu alinipa mwenyewe: "Kama tutakosea, tukosee kwangu kwanza." Ilikuwa dossier nyepesi, kurasa chache nyeusi na nyeupe, kaburi mbili tatu. Ikapita. Ikaingia kwa Maître, ikaingia kwa wote. Papa Lambert akapiga makofi kama mutoto.

Kumbe ndiyo ilikuwa ya kwanza na ya mwisho. Kijiji ya pili ilikuwa na picha mingi za rangi, mail ikaikataa, ati nzito. Nikaipunguza, ikaenda, ikarudi: boîte ya fulani imejaa. Nikaikata vipande sita. Kipande ya pili ikafika mbele ya kipande ya kwanza, watu wakadhani wameibiwa. Na kila mumoja anajibu kwa wote! "Bien reçu, tumepokea." "Mungu abariki komite." Landry kule Bafwasende anapanda kilima kutafuta réseau ya telefone, anapata barua arobaini za amen, anajibu kwa wote: "Nani anamaliza mega zangu za internet?" Na wote wanamujibu. Mimi nilicheka mpaka nikakasirika. Siku tatu zikapita, na kijiji ya pili bado haijafika nzima.

Maître akanipigia simu. "Mama, muache mail. Mimi niko na dépôt."

Dépôt ni nini? Nilimuelezea Papa Lambert pole pole, na ninataka mujue kwamba nilimuelezea. Mail, nikamwambia, ni wewe kupika sahani ishirini na nne na kumupelekea kila mutu yake kwake. Sahani zikiwa nzito, zinaanguka njiani. Dépôt ni sufuria moja, inabaki kwa Maître kule kwenye internet. Unaweka chakula mule mara moja, hata iwe nzito namna gani, na kila mutu mwenye ufunguo anakuja kuangalia.

Hakupenda. Alikuwa anasugua magoti.

"Sasa sahihi ya kupokea iko wapi? Kwa mail mutu ananijibu, najua amepata. Hapa nitajuaje?"

"Utawauliza, Papa."

"Na ufunguo nani anashika?"

Maître alitaka ashike yeye Lambert peke yake. Hapo muzee akawaka. Katibu hawezi kuwa na ufunguo ambao wenzake hawana, kesho watamuita mwizi. Mimi pia nikamuunga mukono, kwa sababu watu wa vijijini walikuwa bado wanaongeza picha kwa telefone zao. Basi Maître akatoa ufunguo moja, wote ishirini na wanne wakapewa, kila mumoja na ruhusa ya kuweka na kutoa.

Ile dépôt ilikuwa kitu ya maana, sitaitukana. Kijiji nane zilizobaki tuliziingiza kwa siku mbili, PV, ramani, makaburi, vyote, hakuna kilichorudi. Maître wakati huo alikuwa Mbandaka kwa kesi nyingine, bila ordinateur ya kuzifungua, lakini aliahidi: alhamisi nafika Kinshasa, nachapa, ijumaa nadépose kwenye biro. Papa Lambert akasema basi dossier ya kijiji yake isirudiwe, Maître anayo tayari kwenye mail, tusibebeshe watu mara mbili. Machefu walikuwa wanadai karatasi zao za asili, tukazirudisha kijijini na kamio. Halafu Papa Lambert akaniomba nifute nakala zote ndani ya mashini yangu, maana alama za kidole za watu haziwezi kulala kwenye duka ya fotokopi. Aliona vizuri. Nilifuta mbele ya macho yake, na nilijisikia mutu wa maana kwa kufuta.

Alhamisi asubuhi akaingia ameng'aa. Ndevu amenyoa. Akafungua kaye yake ya kuandikia juu ya meza yangu: majina ishirini na nne, na kila jina iko na alama.

"Mama Khadija, angalia. Wote wamepokea. Hata Landry. Casier iko wazi kabisa."

"Wazi namna gani?"

"Wazi. Hakuna hata karatasi moja."

"Papa, uliwaambia nini wale watu?"

"Nilipigia kila mumoja simu, hata waliokuwa na telefone ya jirani. Nikawaambia: ingia, angalia ya kwenu, ukishaipokea uitoe ndani, kama tulivyokuwa tunafanya biro. Hivyo nitajua nani amepata na nani bado."

Nikafungua dépôt. Connexion siku hiyo ilikuwa nzuri, ole wangu, ikafunguka mbio. Nyeupe. Iliandikwa juu jina ya komite na chini hakuna kitu. Nikatafuta poubelle ya dépôt, pipa ya vitu vilivyotolewa: nayo tupu. Nikamupigia Maître, ameshuka ndege dakika ile. Akasema cabinet yao ya mawakili inamwaga poubelle kila siku saa sita ya usiku, kwa usalama wa wateja.

"Mama, hamukubakisha nakala?"

Papa Lambert alikuwa ananiangalia mudomo. Bado alikuwa anatabasamu kidogo, ile tabasamu ya mutu anayengoja kuelezwa.

"Papa," nikasema, "ile haikuwa nakala ya kila mutu. Ilikuwa moja tu. Ya wote. Mutu wa kwanza alipoitoa, ilitoka kwa wote na kwa Maître."

"Hapana. Mutu anatoa yake."

"Kwa mail, ndiyo. Kwa mail ukifuta, unafuta yako. Hapa hakukuwa na yako."

"Lakini waliona. Waliniambia wameona."

"Kila mutu aliona ya kijiji yake, akaitoa ya kijiji yake. Ndivyo ulivyowaambia."

Alikaa chini kwenye benchi ya wateja. Alichukua kaye na kuanza kusoma majina moja moja, kidole juu ya karatasi. Mimi nilitaka kumupigia kelele, na nilitaka kujipiga mimi mwenyewe, kwa sababu nilieleza sufuria lakini sikueleza kwamba mutu anaweza kuimwaga. Na nani alifuta ya mwisho kwenye mashini? Ni huu mukono.

Tukapiga simu kwa wote. Mulipakua? Mulibakisha kwenye telefone? Landry akajibu kutoka juu ya kilima yake: "Mama, nipakue na mega gani? Niliona jina ya kijiji, nikabonyeza kutoa. Papa alisema tutoe!" Wengine hivyo hivyo. Mutu mumoja alibakisha picha ya kaburi ya babu yake, picha moja. Pélagie ndiye alikuwa wa kwanza kutii. Alipanda kilometa mbili kufikia réseau, akatoa PV ya kilometa arobaini na nne, ramani, makaburi yote saba, kaburi ya bwana yake ndani, akamupigia kaka yake kumuambia kazi imeisha.

Saa saba ya mchana Papa Lambert alipanda moto, ile pikipiki, kuelekea Bengamisa. Nilimukataza, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Akasema kesho kabla ya saa kumi atakuwa amepiga picha karatasi za asili kule vijijini, kuanzia za Pélagie, na Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, kwa hiyo saa tisa yao ni saa kumi yetu. Alikuwa ameshahesabu. Nilimupa telefone yangu yenye kamera nzuri na mufuko wa plastiki wa kuifunga. Miaka sitini na sita, juu ya moto, anashika farde tupu kifuani.

Kilometa ishirini na tisa, kamio mbili zilikuwa zimekwama kwenye matope, barabara imefungwa. Akashuka na kuenda kwa miguu. Alilala wapi ule usiku sijui, hakuniambia. Ijumaa saa nne ya asubuhi akafika kilometa arobaini na nne, Pélagie anashikilia karatasi na yeye anapiga picha. Pale hakuna réseau. Wakapanda wote wawili ile njia ya kilometa mbili, wakakuta réseau imelala, kama inavyolala kila mara mvua ikiwa karibu. Mimi niko Makiso, Maître iko Kinshasa ndani ya korido ya biro, kila mumoja na simu sikioni. Saa nane. Saa tisa. Saa kumi kasoro robo picha ya kwanza ikaingia kwangu, alama za kidole nyekundu, zimepinda kidogo. Nilipiga kelele ya furaha mpaka jirani wa pembeni akakuja kuona. Halafu ya pili ikaanza kuzunguka, inazunguka, inazunguka.

Ya mwisho iliingia saa kumi na dakika ishirini na mbili. Maître alibisha ule mulango. Wakamuambia registre ya kupokea imefungwa, arudi jumatatu kwa mambo mengine.

Lakini hakutoka mikono mitupu. Asubuhi ile alikuwa amedépose dossier moja, ile aliyokuwa nayo kwenye mail yake tangu siku ya kwanza. Kilometa thelathini na nane. Kijiji ya Lambert. Imepokelewa, imepigwa muhuri.

Yesu na Maria, ninyi mungefikiri nini? Vijiji nane vimekufa, na moja imepona, na hiyo moja ni ya katibu. Mwenye kuwapigia watu wote simu ni nani? Katibu. Mwenye kusema tutoe ni nani? Mwenye kukataa kuweka ya kwake ndani ya dépôt pamoja na zingine ni nani? Nilikuwa ninaeleza mpaka koo inakauka: mail, dépôt, nakala moja, nakala mingi. Watu waliniangalia kama mutu anayeuza dawa ya meno. Wakili alieleza, naye wakasema amekula pamoja na Lambert. Landry aliandika kwa wote, kwa mail, na ile siku hakuna boîte iliyojaa, ilifika kwa kila mutu: "Papa, ulituuza, na ulituuzisha kwa vidole vyetu wenyewe."

Papa Lambert aliniomba nimusomee tu, halafu akasema asante.

Alikuja tena kwangu baada ya majuma matatu, mashini za kampuni zilikuwa zimeshafungua njia kilometa arobaini. Alikuwa amekonda. Maître alituma accusé de réception, ile karatasi ya muhuri ya kupokea, ya kilometa thelathini na nane na nikamuchapia. Alikuwa bado ameishika wakati Pélagie aliingia. Sikumujua mara moja, alikuwa amefunga kitambaa mpaka kwenye macho. Na mikono yake ilikuwa mitupu. Akakaa mwisho wa benchi, mbali na kaka yake.

"Ni hiyo?" akauliza.

"Ni hiyo," Lambert akasema.

"Ya kwetu walisema nini?"

"Ya kwenu haikufika."

Pélagie akaitika kwa kichwa. Nje mutu wa toleka, baiskeli ya abiria, alikuwa anagombana na muteja, tukasikiliza wote watatu mpaka wakamaliza.

"Yaya, mashini zitafika kwangu juma ijayo. Nahitaji pahali pa kupanda muhogo. Watoto watakula nini."

"Panda kwangu," Lambert akasema mbio. "Dada yangu, panda kwangu, upande wa chini, upande wa juu, popote. Yote ni yako. Unaniomba mimi?"

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba umenipa. Andika kwenye karatasi, na jina yako, na tarehe."

Alimuangalia. Mimi niligeuka upande wa mashini, nikajifanya ninatafuta wino, machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka waone. Yule mwanamuke alikuwa amebebwa mugongoni na huyu kaka akiwa mutoto. Alikuwa wa kwanza kutii, akapanda kilometa mbili kwa sababu Yaya amesema.

"Pélagie. Mimi ni kaka yako."

"Najua. Andika."

Akaomba karatasi, nikamupa. Aliandika pole pole, mistari ikaenda upande, mutu ambaye maisha yake yote mistari haikumukosea. Akaweka sahihi. Pélagie alichukua ile karatasi, akaisoma mara mbili, akaniletea kwenye meza.

"Mama Khadija, nifanyie fotokopi. Moja nitabeba mimi, moja ubaki nayo wewe. Yeye usimupe."